Mbavu za Babekyu, na Tokeni Zilizoenda Kwa Nyumba Nyingine

Wazazi wangu walikuwa wafike Nairobi Jumapili saa saba mchana, kuona nyumba yangu mpya kwa mara ya kwanza. Mzee wangu ni mtu wa nyama choma. Huko ushago yeye ndiye husimama kwenye moto kukiwa na sherehe, na nyama ya kupikwa na stima hajawahi kuiamini. Mimi nikaamua nitampikia mbavu za nguruwe za babekyu kwa sufuria ya stima inayopika polepole. Unazijua: chungu kizito cha kauri, kifuniko cha kioo, na swichi ya kuzungusha yenye moto wa chini na wa juu.

Jumamosi usiku, saa nne na dakika 40, nikanunua tokeni za shilingi 500. Meseji ikaingia na zile tarakimu 20. Nikaziingiza kwa mita, ikakataa. Nikarudia polepole, ikakataa tena. Nikadhani ni shida ya mtandao tu. Mita ilikuwa bado inaonyesha yuniti moja na kitu, nikajiambia itafika asubuhi. Saa tano nikawasha mbavu kwa moto wa chini, nikalala.

Saa kumi na moja alfajiri niliamshwa na kimya. Friji haikuwa inanguruma. Nikashika chungu, kilikuwa vuguvugu kama chai iliyosahaulika.

Hebu tupige hesabu ambayo ningepiga kabla ya kulala. Geuza sufuria yako uone wati zilizoandikwa chini. Yangu ni wati 200. Zidisha kwa saa 8, unapata 1,600, yaani yuniti 1.6. Hapo hujaongeza friji, taa na simu kwenye chaji. Kwa hivyo yuniti moja na kitu haingefika asubuhi hata ningeiombea. Lakini pia angalia upande wa pili: koili ya wati 1,000 ikiwaka kwa nguvu zote saa tatu imekula yuniti 3. Sufuria ya polepole inakaa muda mrefu lakini inakula kidogo. Ukitaka kujua ni pesa ngapi, fungua meseji yako ya mwisho ya tokeni, gawa pesa uliyolipa kwa yuniti ulizopata, kisha zidisha kwa 1.6.

Na kwa nini mita ilikataa? Nambari ya mita niliyokuwa nimehifadhi kwa simu ilikuwa ya nyumba niliyohama. Tokeni hutengenezwa kwa mita moja pekee. Ukiingiza kwa nyingine, haifanyi kazi hata ujaribu mara kumi. Kosa lilikuwa langu kabisa. Nambari ya mita huwa na tarakimu 11, na mimi nilibonyeza ile ya zamani kwa sababu ilikuwa ya kwanza kwa orodha. Ukihama nyumba, futa ile nambari siku hiyohiyo, kabla hata hujapanga viti.

Nyama nilitupa. Kilo mbili. Iliniuma, lakini bakteria wa kuharibu tumbo hupenda joto la kati ya nyuzi 5 na 60, na nyama ikikaa hapo zaidi ya saa mbili si ya kuliwa. Mimi sikujua stima ilipotea saa ngapi. Kuichemsha tena si suluhisho, maana baadhi ya bakteria huacha sumu ambayo moto hauitoi. Kama hujui imekaa kwa muda gani, usimpe mtu. Hasa mzee wako.

Saa moja asubuhi nilikuwa kwa bucha. Pesa nilitoa kwa ile akiba ndogo niliyoitenga kwenye simu. Sikukopa, na sikushauri mtu akope kwa ajili ya mbavu. Nikalipa kwa nambari ya till, na safari hii nilisoma jina lililotokea kabla ya kuweka PIN. Tokeni nazo nilinunua upya, nikisoma tarakimu za mita moja moja kutoka kwa mita yenyewe.

Muda ulikuwa umebaki mfupi, kwa hivyo nikatumia moto wa juu, saa nne. Moto wa chini huchukua saa 7 au 8, na ndio bora ukiwa na muda: nyama ya mbavu imejaa nyuzi ngumu ambazo hulainika na kuwa kama ute joto likipanda polepole. Anza kwa kutoa ngozi nyembamba iliyo upande wa ndani wa mifupa. Ingiza ncha ya kisu chini yake, shika kwa tishu ili isiteleze, uvute. Wengi huiacha, halafu wanashangaa kwa nini mbavu zinatafunika kama raba.

Paka chumvi, pilipili manga, kitunguu saumu na tangawizi. Simamisha mbavu zikizunguka ukuta wa chungu, upande wenye nyama ukitazama nje. Maji weka nusu kikombe tu, kwa sababu kifuniko kinazuia mvuke na nyama yenyewe itatoa supu. Usiweke nyama iliyoganda barafu. Na usifunue funue! Kila ukifunua, joto linatoroka na sufuria hii haina haraka ya kulirudisha. Kama nyumba yako hamli nguruwe, mbavu za ng'ombe zinapikwa vivyo hivyo ila zinataka saa moja au mbili zaidi.

Sosi nilipika kando: tomato sosi kikombe kimoja, siki vijiko viwili, sukari nguru iliyokwaruzwa, pilipili, na ile supu ya chini baada ya kuondoa mafuta. Chemsha hadi ishike kijiko. Ukiweka sosi mapema itakuwa majimaji tu.

Sufuria ya polepole haichomi, na hapo ndipo wengi huvunjika moyo: nyama ni laini lakini imepauka. Nilizipaka sosi nikazipeleka kwa jiko la mkaa nje kwenye balkoni, dakika tano kila upande. Mkaa usiuwashe ndani ya nyumba iliyofungwa, moshi wake usioonekana unaua.

Mzee alikula mbavu nne bila kusema neno. Halafu akauliza, “Hii umechomea wapi?” Nikamwonyesha jiko la mkaa. Sufuria ilikuwa kabatini, na mama aliniangalia tu.

Jioni nikampigia keateka wa ploti ya zamani. Aliniunganisha na mpangaji mpya, nikamsomea zile tarakimu 20, zikaingia kwa mita yake vizuri. Alinitumia shilingi 300 siku hiyohiyo. Mia mbili bado namdai.