Karuri, mtawala aliyelifungulia Kanisa mlango wa Mlima Kenya

KABLA ya Nyeri kuwa jimbo kuu la Kanisa Katoliki, mbegu ya imani hiyo ilipandwa Tuthu, Murang'a, katika himaya ya Karuri wa Gakure.

Mtawala huyo, ambaye awali alishirikiana na mfanyabiashara Mwingereza John Boyes, aliwapokea wamishenari Waitalia wa Consolata mnamo Juni 1902. Misa ya kwanza iliadhimishwa Juni 29.

Kwa Karuri, ukarimu huo ulikuwa pia diplomasia: urafiki na wageni ulimwongezea nguvu mbele ya wapinzani, ingawa ulimfanya awategemee wakoloni waliomtambua kuwa chifu.

Alibatizwa Joseph mwaka 1916, akafariki mwaka huo huo. Nyeri ilifanywa jimbo mwaka 1953, na jimbo kuu mwaka 1990.