Kichocho Kinapozaa Saratani

Huko Msambweni, Kaunti ya Kwale, watafiti wamefuatilia kichocho kwa miongo kadhaa. Minyoo yake hupenya ngozi ya anayeoga au kufua kwenye maji yenye konokono wanaoieneza.

Mayai ambayo minyoo hiyo hutaga mwilini hukwama katika ukuta wa kibofu na kuujeruhi mfululizo. Seli hugawanyika ili kuziba majeraha, na kila zinapogawanyika hunakili jeni zake. Makosa hutokea. Mengi hurekebishwa, na kosa moja halitoshi kuleta saratani. Lakini yakilimbikizana, hasa yakiiharibu TP53, jeni iliyo kama breki ya mgawanyiko, seli huzaana ovyo hadi kuwa uvimbe.

Mwaka 1994, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliuorodhesha ugonjwa huu miongoni mwa visababishi vya saratani. Dawa ya prazikwanteli huiua minyoo hiyo.