Jukwaa Linalopita Mazinde Bila Kusimama

Ziara kubwa ya muziki ikishamaliza kazi kwenye uwanja wa Mkwakwani, Tanga, na kutakiwa Moshi au Arusha siku chache baadaye, njia yake inajulikana: Muheza, Segera, Korogwe, Mombo, Mazinde, Same. Malori yenye mabomba ya jukwaa, spika na jenereta hupita chini ya Usambara, mlima ukiwa ukuta upande mmoja na tambarare ya mkonge upande wa pili, na yakifika Mazinde yanapunguza mwendo kwa sababu ya matuta ya barabarani tu. Mashabiki wapo. Nyimbo zinazopigwa Mkwakwani ndizo hizo hizo zinazolia kwenye bodaboda za Mombo na kwenye vibanda vya kunyolea nywele huko Soni. Jibu la haraka la kwa nini hakuna anayesimama ni kwamba Mazinde ni padogo. Jibu hilo si la uongo, lakini halitoshi, kwa sababu padogo si hali ya kuzaliwa nayo. Mahali huwa padogo au pakubwa kwa muziki kulingana na jambo moja ambalo halionekani kwenye ramani: ni siku gani watu wa hapo hushika fedha, na je, huzishika pamoja?

Tuiondoe barabara kwanza, maana ndiyo lawama ya kawaida. Kama barabara ndiyo ingeleta wakubwa, Mazinde ingekuwa na kelele za jukwaa kila mwezi. Eneo hili limekuwa njiani tangu karne ya 19, misafara ya pwani ilipopita tambarare kuelekea bara. Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Wasambaa, alipofariki mwaka 1862 na ufalme kuingia vitani, mwanawe Semboja alikuwa chifu wa Mazinde, na nguvu zake zilitokana na biashara ya njia hiyo, bunduki zikiwemo. Alipopata ushindi hakuhamia Vugha, makao ya kale ya wafalme huko mlimani. Alimweka huko mwanawe, Kimweri Maguvu, naye akabaki bondeni karibu na misafara. Yaani kwa Semboja mji mkuu ulikuwa pale mali inapopita. Reli ya Wajerumani kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905, ikaendelea hadi Moshi kwa kufuata mkondo ule ule wa tambarare. Halafu ikaja lami. Kwa hiyo Mazinde haijawahi kukosa njia. Kilichobadilika ni kwamba mali siku hizi inapita bila kushuka.

Ilishuka kwa muda mrefu, na iliyoishusha ni katani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Tanganyika ilikuwa ikizalisha zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka, ikiongoza dunia, na mkoa wa Tanga ulikuwa moyo wa kazi hiyo. Mashamba yalihitaji mikono kuliko wenyeji walivyokuwa tayari kutoa (Msambaa mwenye migomba yake mlimani hakuona sababu ya kwenda kuchomwa na miiba bondeni), hivyo wenye mashamba wakaunda SILABU, ofisi ya kuajiri vibarua, ikawaleta watu kutoka Kigoma, Songea, Ubena, Unyamwezi na hata nje ya nchi. Hao ndio manamba. Waliishi kambini, si kwao. Hawakuwa na shamba la kuwalisha wala ukoo wa kuwachangisha, na kila aliyemaliza kipande chake, kadi ya siku thelathini za kazi, alilipwa fedha taslimu. Hebu fikiria maana ya hali hiyo kwa mtu anayepiga gitaa. Mamia ya vijana wako sehemu moja, mbali na wazazi, na malipo ya mwezi mzima yamo mfukoni kwa mkupuo.

Si ajabu basi kwamba Tanga ya miaka ya 1950 na 1960, mji ambao haukuwa makao makuu ya nchi, ndiyo iliyotoa Jamhuri Jazz, Atomic Jazz na vikundi vya taarabu kama Black Star. Jamhuri Jazz yenyewe ilianza kwa jina la Young Nyamwezi. Bendi ya Tanga iliyojiita kwa jina la watu wa Tabora! Jina hilo peke yake linaeleza nani alikuwa akipiga na nani alikuwa akicheza. Humo ndimo walimopitia pia akina Wilson na George Kinyonga, kabla ya kwenda Arusha na kisha Kenya, ambako mwaka 1971 walianzisha bendi ya Simba Wanyika. Wakati huo barabara zilikuwa za vumbi na spika ilikuwa haizidi kimo cha mtoto. Mshahara ulikuwepo.

Mkonge ukaanguka. Kamba za plastiki zilivunja bei duniani, mashamba mengi yakataifishwa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, uendeshaji ukalegea, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 nchi ilikuwa inatoa chini ya tani 40,000. Kambi zikabaki na wazee na mashine za korona, za kuchambulia katani, zikanyamaza sehemu nyingi. Wakati fedha ya siku moja ikipungua bondeni, jukwaa nalo lilikuwa linanenepa, na hapa ndipo pana kiini cha jambo. Bendi ya dansi ya zamani ilikuwa watu kumi na wawili hivi, magitaa, ngoma, matarumbeta na vyombo vinavyoenea kwenye lori moja. Tamasha la leo lina malori ya jukwaa, taa, skrini, jenereta la akiba, mafundi mitambo, walinzi, wacheza shoo, hoteli za wasanii na fedha za wasanii wenyewe. Tuchukue hesabu ya kubuni, ili tu tuone umbo lake. Kama usiku mmoja unagharimu shilingi milioni 40 na kiingilio ni 5,000, unahitaji watu 8,000 wenye tiketi kabla promota hajapata senti. Kama bendi ndogo inagharimu milioni moja na nusu, watu 300 wanatosha. Tamasha la kwanza linahitaji mji. La pili linahitaji mwisho wa mwezi wa shamba moja.

Hali hii si ya kwetu peke yetu, na mfano mzuri zaidi ni muziki wa kantri wa Marekani, muziki ambao jina lake lenyewe maana yake ni huko mashambani. Jimmie Rodgers, anayehesabiwa kuwa baba yake, alikuwa mfanyakazi wa reli, kazi yake kufunga breki za treni. Alirekodi kwa mara ya kwanza mwaka 1927 huko Bristol, mji ulio kwenye mpaka wa Tennessee na Virginia, na baadaye akazunguka miji midogo ya kusini na vikundi vya maonyesho vilivyosimamisha mahema. Nyota wa kantri wa leo bado anaimba kuhusu vumbi, lori la baba na mto wa nyuma ya nyumba, ila anaimbia ndani ya kumbi kubwa zilizojengwa kwa mpira wa kikapu, zenye viti elfu kumi na tano au ishirini, mjini. Shamba limebaki kwenye mashairi. Tofauti ni kwamba mkulima wa Tennessee ana gari. Akitaka kumwona nyota wake anaendesha saa tatu, anatazama, anarudi. Kule kijiji hulifuata jukwaa. Shabiki wa Mazinde akitaka kwenda Mkwakwani analipa mara tatu: kiingilio, nauli ya kwenda na kurudi, na mahali pa kulala, kwa kuwa onyesho likiisha saa nane za usiku hawezi kupata gari ya kumshusha nyumbani.

Atatokea mtu wa kusema kwamba yote haya yamepitwa na wakati: nani ana haja ya jukwaa wakati msanii yumo kwenye simu? Hoja hiyo inaonekana mpya lakini ina umri wa gramafoni, na jibu lake zuri liko Kericho, Kenya. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, aliwarekodi wasichana wa Kikipsigis wakiimba wimbo uitwao Chemirocha. Chemirocha ni Jimmie Rodgers, jina likiwa limepita kwenye ulimi wa Kikipsigis. Santuri zake zilikuwa zimefika kwenye milima ya chai, yeye mwenyewe akiwa amekwisha kufa kwa kifua kikuu tangu mwaka 1933, na wasikilizaji wake wakamfanya kiumbe nusu mtu, nusu paa, anayealikwa aje acheze. Kumsikia mtu usiyeweza kumwona hakuzimi hamu ya kumwona, huikuza hadi ikaota pembe. Biashara ya leo inasema vivyo hivyo kwa tarakimu. Taylor Swift, ambaye alianzia kwenye kantri, nyimbo zake zote zinapatikana kwenye simu kwa bei ya kikombe cha kahawa, lakini ziara yake ya Eras ya mwaka 2023 na 2024, maonyesho 149, iliingiza zaidi ya dola bilioni mbili kwenye tiketi. Simu hutangaza. Kinachouzwa kwa bei kubwa ni kuwa mle ndani.

Hoja nzito zaidi ni hii: Usambara si maskini. Lushoto hulisha Dar es Salaam kabichi, karoti, hoho, nyanya, plamu na peasi, na malori ya mboga hushuka Mombo karibu kila siku ya Mungu. Kwenye magulio hukusanyika maelfu. Fedha hiyo mbona haileti jukwaa? Kwa sababu inakuja kwa matone. Mkulima wa mboga anauza magunia mawili Jumatatu, tenga moja Alhamisi, analipwa nusu na kuahidiwa nusu, na kabla jua halijazama ameshanunua mbegu, dawa ya ukungu na sare ya mtoto. Jirani yake atapata wiki ijayo. Kwa mwaka mzima huenda wakashika fedha nyingi kuliko manamba watatu, lakini haipatikani hata Jumamosi moja ambayo watu 8,000 wana noti isiyo na kazi. Gulio lina ziara yake inayolingana na matone hayo, nayo ni ya wauza mitumba, sufuria na sumu ya panya, wenye spika ya mkononi na betri. Wanazunguka kwa siku za wiki kama bendi zilivyozunguka kwa siku za malipo, na ukiwasikiliza vizuri, wengine ni watumbuizaji hodari kuliko wanaolipwa kwa kazi hiyo.

Zao la msimu mmoja hufanya kazi tofauti. Wasafi Festival ya kwanza ilifunguliwa Novemba 2018, na haikufunguliwa Dar es Salaam bali Mtwara, kwenye uwanja wa Nangwanda Sijaona, katika miezi ya korosho. Sisemi waandaaji walikaa na kalenda ya vyama vya ushirika mezani. Tena mwaka huo soko la korosho lilivurugika, serikali ikaingia kununua yenyewe, na wakulima wengi walikuwa bado wakisubiri malipo. Ushahidi wa mji mmoja hauthibitishi kanuni. Lakini muuza bia yeyote wa Mtwara atakutajia miezi ya fedha bila kuhesabu vidole, na muuza bia wa Lushoto hawezi, kwa kuwa huko hakuna miezi ya namna hiyo.

Hoja ya mwisho inahusu wafadhili. Inasemekana kiingilio si kitu siku hizi, mdhamini ndiye analipa. Ni kweli, na si jambo jipya: NUTA Jazz ya mwaka 1964 ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, na Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo kilichotaka vitenge vyake vijulikane. Wanamuziki walikuwa na mshahara, basi wangeweza kupiga hata mahali ambapo mlango haungelipa. Tamasha la Fiesta limebeba mbele ya jina lake mara chapa ya bia ya Serengeti, mara Tigo. Lakini mdhamini naye ana hesabu yake. Kiwanda cha bia kinatafuta kiu yenye fedha na kampuni ya simu inatafuta laini zinazotumika, na vyote viwili husimama pale pale ambapo mlango ungelipa. Udhamini haujabadilisha ramani, umebadilisha tu nani anaisoma.

Na anaisoma vizuri kuliko promota yeyote wa zamani. Kibarua anayekata mkonge leo anaweza kulipwa kwa simu, wala si kwa dirisha la karani, na kampuni ambayo jina lake huandikwa juu ya jukwaa ndiyo inayoweza kuona, kwa saa na kwa mnara, fedha zinaingia tarehe ngapi na zinatolewa wapi. Bendi ya watu kumi na wawili na lori moja ingeweza kufanya kazi kubwa na habari hiyo. Kwa sasa anayeifanyia kazi kijijini ni wakala wa pesa peke yake: akijua siku imefika, anapanda bodaboda asubuhi kwenda Mombo kutafuta noti, kwa kuwa ikifika saa kumi na mbili jioni kibanda chake kitakuwa na foleni hadi barabarani.