Marafiki wa Lugulu: Imani, Uongozi na Historia ya Kanisa Lisilopiga Kura

Lugulu ni mji mdogo kwenye barabara ya Webuye kwenda Kitale, katika Kaunti ya Bungoma. Wakenya wengi ambao hawajafika huko wanaujua kwa hospitali yake ya misheni na shule yake ya wasichana. Zote mbili zimezaliwa na kanisa moja: Kanisa la Friends, yaani Marafiki, ambao katika nchi nyingine huitwa pia Wakweka. Ni kanisa lisilo na askofu wala altare. Halibatizi kwa maji, haligawi mkate na divai, na katika mambo yake makubwa halipigi kura. Hata hivyo limekita mizizi magharibi mwa Kenya kiasi kwamba hakuna nchi duniani yenye Marafiki wengi kuliko Kenya. Ili kulielewa, ni lazima kuelewa mkutano, kwa maana humo ndimo imani, uongozi na historia ya kanisa hili hukutana.

Chimbuko

Marafiki walianza Uingereza katikati ya karne ya 17. George Fox, aliyezaliwa mwaka 1624, alihubiri kwamba Kristo humfundisha mtu mwenyewe moyoni, bila kuhitaji kasisi wa kusimama katikati. Kuanzia mwaka 1652 wafuasi wake waliongezeka upesi kaskazini mwa nchi. Walikataa kula kiapo mahakamani, kulipa zaka kwa kanisa la serikali na kuvua kofia mbele ya wakubwa. Kwa hayo maelfu walitiwa gerezani.

Wengi walivuka bahari kwenda Marekani, na huko, katika karne ya 19, wakagawanyika. Baadhi walishikilia ibada ya kimya. Wengine, hasa katika majimbo kama Indiana, Iowa na Kansas, waliguswa na uamsho wa kiinjili, wakaanza kuajiri wachungaji, kuhubiri mimbarani na kuimba nyimbo. Ni hawa wa pili walioleta imani hiyo Kenya, na ndiyo sababu ibada ya Lugulu ina sauti na ngoma, tofauti na ukimya unaotawala ibada nyingi za Marafiki wa Uingereza.

Kutoka Kaimosi hadi Lugulu

Reli ya Uganda ilifika ziwani Kisumu mwaka 1901. Mwaka uliofuata vijana watatu wa Kimarekani, Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole, walishuka hapo wakapanda milima hadi Kaimosi, katika nchi ya Watiriki. Walifika tarehe 17 Agosti 1902. Waliiita misheni yao misheni ya viwanda, kwa kuwa walitaka Injili iende pamoja na kazi za mikono. Walijenga kiwanda cha kupasulia mbao kilichoendeshwa kwa nguvu ya maji ya mto, wakafyatua matofali na kufundisha useremala. Shule na tiba zikafuata. Miongoni mwa waumini wa kwanza waliofahamika sana ni Daudi Lung'aho na mkewe Maria, na kule Vihiga, Yohana Amugune. Watu kama hawa ndio waliotembea vijijini na kuzungumza na majirani kwa lugha yao. Bila wao misheni ingebaki boma la wageni.

Kutoka Kaimosi vituo viliongezeka, na kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia kwisha, Marafiki walikuwa wamefika Lugulu, katika nchi ya Wabukusu. Jefferson Ford ni mmoja wa wamisionari waliofanya kazi huko.

Wabukusu hawakuwa wamesahau vita. Karibu na Lugulu pana kilima cha Chetambe, ambapo mwaka 1895 majeshi ya Waingereza yaliivunja ngome ya Wabukusu na kuua watu wengi. Katika nchi hiyo hiyo, baadaye, walikuja wazungu waliofundisha kwamba Mkristo hashiki silaha kabisa. Wapo waliovutiwa na mafundisho hayo, wengine wakavutiwa na shule, na wengine wakakaa mbali wakiwatilia shaka.

Wanachoamini

Marafiki wa Lugulu ni Wakristo wanaoisoma Biblia na kumkiri Yesu kuwa Bwana na Mwokozi. Jina lao linatoka katika Injili ya Yohana, sura ya 15, ambapo Yesu anawaita wanafunzi wake rafiki. Kinachowatofautisha na makanisa jirani ni msisitizo kwamba nuru ya Kristo humfikia kila mtu, mwanamume na mwanamke, msomi na asiyejua kusoma.

Mambo mengine yote yanatokana na hilo. Ikiwa Roho humfikia mtu moja kwa moja, ubatizo wa kweli ni ule wa Roho, na maji hayahitajiki. Ushirika na Kristo nao ni wa moyoni, hivyo hakuna meza ya Bwana. Anayetaka kujiunga huhudhuria mafundisho, huangaliwa mwenendo wake, kisha hupokewa kuwa mshiriki mbele ya wenzake. Watoto huletwa mbele ya kanisa na kuombewa.

Mwenendo una uzito mkubwa. Rafiki hutakiwa kusema kweli siku zote, kwa hiyo haapi. Neno lake la ndiyo au siyo lapaswa kutosha. Hutakiwa kuishi bila makuu, kuwaona watu wote kuwa sawa, na kukataa vita. Wamisionari waliongeza makatazo yao: pombe, tumbaku, ngoma za kienyeji na ndoa ya wake wengi. Makatazo hayo yalileta uchungu mwingi, kwa sababu yaligusa busaa, pombe ya kienyeji ya mazishi na ya tohara, na familia zilizokwisha kuwa na wake wawili au watatu.

Ibada ya Jumapili

Jumapili, ibada huendeshwa kwa mchanganyiko wa Kibukusu na Kiswahili. Kiongozi hukaribisha watu, kwaya na vikundi huimba, Maandiko husomwa, wagonjwa na wafiwa hutajwa na kuombewa. Sadaka hutolewa, na mchungaji au mhubiri aliyealikwa huhubiri. Ukimya haukutoweka kabisa: kwa kawaida hutengwa muda wa kusubiri bila maneno, na katika muda huo mtu yeyote anayesukumwa na Roho anaweza kusimama na kusema.

Hakuna mavazi ya kikuhani, na jengo lenyewe ni la kawaida. Mimbari iko mbele, mabenchi yamepangwa, na pale ambapo kanisa jingine lingeweka altare pana meza tu. Wanawake huhubiri na kuongoza tangu awali. Umoja wao, unaojulikana kwa kifupi cha USFW, ndio uti wa mgongo wa makanisa mengi: hutembelea wagonjwa, huchangia wafiwa na hufanya makongamano yanayokusanya wanawake kutoka wilaya nyingi.

Uongozi

Makanisa ya Kiprotestanti huongozwa kwa njia zinazotofautiana. Waanglikana wana maaskofu. Wapresbiteri huongozwa na wazee wa kanisa pamoja na wachungaji, kuanzia baraza la kanisa la mahali na presbiteri hadi Baraza Kuu. Marafiki hawana askofu, na wazee wao hawana mamlaka ya mwisho. Mamlaka yamo katika mkutano wa washiriki wote.

Mikutano hiyo imepangwa kwa ngazi, na majina yake hufuata muda. Makanisa ya vijijini hukutana pamoja katika mkutano wa mwezi, ambao ndio hupokea washiriki, hushughulikia ndoa na kusimamia mali. Mikutano kadhaa ya mwezi huunda mkutano wa robo mwaka, na juu ya yote uko mkutano wa mwaka, ambao unafanana na dayosisi katika makanisa mengine. Mkutano wa mwaka huwa na karani mkuu anayeongoza vikao, katibu mkuu anayeendesha ofisi, na msimamizi anayewaangalia wachungaji.

Kazi ya karani ndiyo inayoonyesha vizuri tofauti ya kanisa hili. Jambo likiletwa, tuseme kuuza kipande cha ardhi ya kanisa, kila anayetaka husema kwa zamu. Karani hahesabu mikono. Husikiliza mpaka aone nia ya mkutano inaelekea wapi, kisha huandika azimio hapo hapo na kulisoma kwa sauti. Washiriki wakikubali kwamba ndivyo walivyosikia, jambo limepita. Mtu mmoja akiwa na mzigo moyoni na akasema, karani anaweza kuomba kimya, azimio likaandikwa upya, au jambo likaahirishwa hadi mkutano ujao. Utaratibu huu huchukua muda mrefu. Faida yake ni kwamba walio wachache hawaondoki wakiwa wameshindwa, na mwenye sauti ya chini husikilizwa sawasawa na tajiri. Udhaifu wake ni kwamba mgogoro usiopata nia moja hauna kura ya kuumaliza. Unaweza kukaa miaka, na mwisho watu wakatengana.

Migogoro na mageuzi

Historia ya Marafiki magharibi mwa Kenya inathibitisha hayo. Mwaka 1927 uamsho ulilipuka Kaimosi. Watu walilia, waliungama dhambi hadharani na kunena kwa lugha. Viongozi wengi wa misheni waliona umevuka mipaka, na waliokataa kuuacha walifukuzwa. Kutokana na hao yalitokea makanisa ya Roho Mtakatifu yanayojitegemea ambayo yapo hadi leo.

Kwa Wabukusu, mtikisiko mkubwa zaidi uliletwa na Elijah Masinde wa Kimilili. Alikuwa mchezaji wa mpira aliyeichezea Kenya dhidi ya Uganda katika Kombe la Gossage mwaka 1930, na alikuwa Rafiki hadi alipooa mke wa pili na kutengwa. Katika miaka ya 1940 aliongoza Dini ya Msambwa, akawataka watu warudi kwa Mungu wa mababu na kuukataa utawala wa wazungu. Mwaka 1947 aliongoza umati hadi Chetambe kuwakumbuka waliouawa mwaka 1895. Serikali iliipiga marufuku dini hiyo mwaka 1948, baada ya polisi kuwafyatulia risasi wafuasi wake huko Malakisi. Kanisa lililohubiri amani lilijikuta likitazamwa na wengi kama upande wa mkoloni, na hilo liliwalazimisha viongozi Waafrika kujiuliza kanisa ni la nani.

Jibu lilikuja kwa hatua. Mwaka 1946 Mkutano wa Mwaka wa Afrika Mashariki uliundwa, na Marafiki wa Kenya wakapata chombo chao wenyewe. Katika miaka hiyo ya 1940 shule ya Biblia ya kuwaandaa wachungaji ilianzia Lugulu, kisha ikahamishiwa Kaimosi, ambako leo ni Chuo cha Theolojia cha Friends. Mwaka 1964, muda mfupi baada ya uhuru, misheni ilikabidhi kazi na mali kwa mkutano huo.

Uhuru wa kanisa ulileta swali jingine. Makao makuu yalikuwa Kaimosi, mbali na Bungoma, na Wabukusu wengi waliona kwamba maamuzi, kazi na fedha viliishia kusini. Mwaka 1973 walijitenga wakaunda mkutano wao wa mwaka, Elgon, na Lugulu ikawa kitovu chake. Mwaka 1987 ulifuata mkutano wa kaskazini wenye makao Kitale. Katika mashamba ya Trans Nzoia, Marafiki waliokwenda kufanya kazi kwa walowezi, na wengine waliopata ardhi baada ya uhuru, walikuwa wamepanda makanisa. Mikutano ya mwaka imeendelea kuzaana, na sasa mingi hushirikiana chini ya mwavuli wa Friends Church Kenya.

Huduma na amani

Katika migawanyiko yote hiyo huduma haikusimama. Hospitali ya Friends Lugulu huwahudumia watu wa dini zote. Shule ya Wasichana ya Lugulu na Shule ya Friends Kamusinga, karibu na Kimilili, zimetoa viongozi na wataalamu wengi wa nchi.

Fundisho la amani lilijaribiwa vikali mwishoni mwa mwaka 2007 na mwanzoni mwa 2008. Ghasia za uchaguzi zilipowafukuza maelfu makwao katika Bonde la Ufa na Magharibi, huku mapigano ya ardhi yakiendelea Mlima Elgon, baadhi ya waumini walijikuta pande zinazopigana. Januari 2008 viongozi wa Marafiki walikutana Kakamega, wakakiri kwamba kanisa halikuwa limefundisha amani vya kutosha, na mwaka huo huo wakaunda vikundi vya amani. Vikundi hivyo vilipeleka misaada kambini, vikakaa na waliohamishwa na waliobaki, na kuwaleta katika vikao vya kusikilizana. Njia waliyoitumia ni ile ile ya mikutano yao: kila mtu aseme, kila mtu asikilizwe, na pasiandikwe neno ambalo pande zote haziwezi kulikubali.