Kabla ya Kulipia Kiwanja au Shamba: Mambo ya Kuhakiki

Tangu gesi ya Mnazi Bay ilipoanza kuvuta wageni mkoani Mtwara, mashamba na viwanja vya pembezoni mwa mji, Mtawanya ikiwamo, vimepata wanunuzi wa aina mpya: watu wasio wenyeji, wanaotaka kujenga nyumba za kupangisha. Wengi huridhika na karatasi ya mauziano yenye muhuri wa mwenyekiti. Karatasi hiyo huonyesha kuwa fedha zimetolewa. Haithibitishi kuwa aliyeuza alikuwa na haki ya kuuza.

Swali la kwanza ni iwapo eneo hilo ni ardhi ya kijiji au ni kiwanja kilichopimwa. Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji husimamiwa na Halmashauri ya Kijiji, na mnunuzi asiye mkazi huhitaji idhini ya halmashauri hiyo. Idhini hutolewa na kikao. Mwenyekiti peke yake hana mamlaka hayo, hata akiwa na muhuri mkononi. Mahakama ya Rufani imekwisha kubatilisha mauzo yaliyokosa idhini hiyo. Hapo mnunuzi hupoteza ardhi, kisha huanza kudai fedha kwa mtu ambaye pengine amekwisha kuzitumia. Basi aombe kuonyeshwa muhtasari wa kikao, na abaki na nakala yake.

Jambo la pili ni mirathi, na hapa ndipo migogoro mingi huzaliwa. Shamba la marehemu huuzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, si na mtoto aliyebaki nyumbani. Kwa Wamakonde, ambao kwa asili hufuata ukoo wa mama, wapwa nao waweza kujitokeza kudai shamba la mjomba wao. Kama muuzaji ana mke au mume, sheria hairuhusu nyumba ya ndoa kuuzwa bila ridhaa ya mwenzi huyo. Mikorosho nayo iulizwe: je, imewekwa rehani kwa msimu ujao? Majawabu ya maswali haya hayamo ofisini. Yako kwa majirani wa pande zote nne, na ni vema kuizunguka mipaka pamoja nao, mchana, muuzaji akiwapo.

Kiwanja chenye hati huhakikiwa kwa Msajili wa Hati, ambako rehani ya benki na zuio huonekana. Malimbikizo ya kodi ya pango la ardhi yaulizwe pia. Anayenunua nyumba yenye wapangaji azungumze nao wenyewe: mpangaji aliyekwisha kulipa miezi sita mbele hatalipa tena kwa sababu tu mwenye nyumba amebadilika.

Kwa wanaotamani ufukwe, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari au mto. Msimbati na vijiji jirani vimo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, hivyo ofisi ya hifadhi iulizwe kabla ya malipo.

Mgogoro ukizuka, Baraza la Kata tangu mwaka 2021 hubaki na kazi ya usuluhishi. Uamuzi hutolewa na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.