Nimonia, dawa na pombe: mambo ambayo mgonjwa anafaa kujua

Mtu anapopatikana na nimonia inayosababishwa na bakteria, kuna swali ambalo wengi huona haya kumuuliza daktari: je, ninaweza kunywa pombe huku nikimeza dawa? Jibu ni kwamba heri uache hadi umalize dawa na upate nafuu. Sababu ni hizi.

Pombe hudhoofisha mapafu

Nimonia hujaza usaha na majimaji katika vifuko vidogo vya hewa mapafuni. Dawa huua bakteria, lakini mwili ndio unaosafisha mapafu. Pombe nyingi hudhoofisha chembe nyeupe za damu zinazopambana na bakteria, na pia vinyweleo vidogo vinavyosukuma makohozi nje. Mlevi anaweza vilevile kupaliwa na matapishi yake yakaingia mapafuni. Dhana kwamba kileo kikali huchoma homa kifuani si ya kweli.

Dawa hazifanani

Amoksisilini, ambayo wagonjwa wengi wa nimonia hupewa, haipotezi nguvu kwa sababu ya pombe kidogo. Doksisaiklini ni tofauti: kwa mtu anayelewa kila siku, ini huivunja haraka, ikapungua mwilini kabla ya wakati. Metronidazoli, ambayo wengi huijua kama Flagyl na hutolewa kwa maambukizi mengine, ikikutana na pombe inaweza kuleta kutapika, maumivu ya kichwa na moyo kwenda mbio. Muulize mhudumu ni dawa gani umepewa.

Usiruke dozi

Kuna wanaoacha vidonge Ijumaa ili wanywe wikendi, wakinuia kuendelea Jumatatu. Hilo ni baya zaidi. Bakteria waliosalia huongezeka tena, ugonjwa ukarudi, na wengine huwa sugu kwa dawa. Ikiwa tayari umekunywa, usiache dawa kwa uamuzi wako; uliza kwanza kituoni au kwa mfamasia.

Kwa anayekunywa kila siku

Usiache pombe ghafla bila kumwambia daktari. Mwili uliozoea pombe ukiikosa, mtu anaweza kutetemeka, kuchanganyikiwa au hata kupatwa na kifafa, na hali hiyo ni hatari akiwa na nimonia. Daktari anapouliza unakunywa kiasi gani, hakuhukumu. Anataka kupanga matibabu. Anayetaka usaidizi wa kuacha pombe anaweza kupiga simu ya NACADA, nambari 1192, bila malipo.

Rudi hospitalini mara moja ukiona:

- kupumua kwa shida au kwa haraka sana;
- midomo kubadilika rangi kuwa ya samawati;
- kuchanganyikiwa au usingizi usio wa kawaida;
- kukohoa damu;
- homa isiyopungua baada ya siku 3 za dawa.

Na kikohozi kikizidi wiki 2, nenda upimwe kifua kikuu. Katika vituo vya umma, vipimo na dawa za ugonjwa huo hutolewa bure.