Je, Wajua? Shetani Mwekundu wa Reli ya Afrika Kusini

Aghalabu watu hudhani ya kuwa gari la moshi lilishindwa na dizeli kwa sababu ustadi wa mvuke ulikwisha fika ukomo wake. Kumbe kufikia mwaka 1981, katika karakana ya Salt River mjini Cape Town, mhandisi Mwingereza David Wardale alikuwa ameifumua injini nambari 3450, iliyoundwa mwaka 1953, akaiunda upya kwa kufuata fikra za Livio Dante Porta, bingwa wa mvuke wa Argentina. Katika tanuri la desturi, hewa nyingi hupita chini ya makaa, na kwa nguvu ya mvumo wake chembe za makaa huruka zikatoka dohanini kabla ya kuungua. Wardale aliipunguza hewa ya chini, nyingi akaipitisha juu ya moto kwa matundu ya ubavuni, na mvuke kidogo akaupenyeza chini ili majivu yasigande. Injini hiyo, iliyopakwa rangi nyekundu ikaitwa Shetani Mwekundu, ilipunguza makaa kwa asilimia 28 na maji kwa asilimia 30 ikilinganishwa na dada zake wa aina ile ile.

Je, yatosha kushindana na dizeli? Kwa bei ya makaa peke yake, pengine. Lakini mvuke wataka mchochea moto, maji njiani na kuzoa majivu kila safari, hali dizeli kadhaa zikiunganishwa huendeshwa na dereva mmoja. Tena Shetani mwenyewe, kwa wingi wa nguvu zake, magurudumu yalikuwa yakimteleza.